Familia Yetu: kadi ya Simba ina stika moja tu

Rehema: Hamjambo wapendwa. Kijibwa chetu Simba katimiza wiki kumi leo 🐶 Watoto wananisumbua wamtoe akacheze na mbwa wa jirani. Naona hakuna shida, aliyetupa alisema keshachanjwa zote.

Shangazi Zuhura: Mwanangu, usimtoe kwanza. Nitumie picha ya kadi yake ya chanjo.

Rehema: 📷 Picha

Shangazi Zuhura: Stika moja, yaani dozi moja. Na kwa tarehe hii alikuwa na wiki sita. Huyo ameanza tu, hajamaliza.

Juma: Shikamoo Shangazi. Lakini si dawa ni ileile? Ya nini kuirudia mara tatu nne? Mimi naona wanatafuta hela tu.

Shangazi Zuhura: Marahaba baba. Hapana, sikiliza. Kijibwa anaponyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, anapata kinga humo. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizima chanjo. Ukimchoma ingali na nguvu, dozi imepotea. Sasa kinga ya mama inapungua taratibu, na kila mmoja kwa wakati wake: huyu wiki ya nane, ndugu yake wa tumbo moja wiki ya kumi na nne. Kwa macho huwezi kujua. Ndiyo maana tunarudia kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka afikishe wiki 16 au azidi kidogo, ili mojawapo ishike.

Shangazi Zuhura: Ile ya mwisho ndiyo ya kutokosa kabisa. Na ndiyo watu wengi wanaiacha, kwa sababu mbwa keshakuwa mkubwa na anaonekana mzima.

Juma: Aisee. Hilo sikulijua.

Mama mdogo Asha: Mimi nililijua kwa machozi. Kito wangu alichomwa mbili, ya tatu nikasema nitampeleka mwezi ujao. Asubuhi moja akagoma kula. Jioni anatapika povu la njano, usiku anaharisha damu, na harufu ile hadi leo naikumbuka. Siku ya tatu nimemkuta ameaga, kichwa amekilaza kwenye kandambili yangu.

Rehema: Pole sana Mama mdogo 😢

Shangazi Zuhura: Pole Asha. Hiyo ni parvo. Rehema, ndiyo ninayomhofia Simba. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haikiui. Mtu anakileta ndani kwa soli ya kiatu. Kwa hiyo mfungieni uani kwenu, watoto wacheze naye humo humo. Akitaka kuona dunia, mbebeni mikononi, msimshushe mahali mbwa wengi wanapopita.

Shangazi Zuhura: Dozi hizo zinamkinga pia na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi vya mbwa, na homa ya ini ya mbwa. Ya homa ya mgunda, ile inayoenezwa na mikojo ya panya, inataka dozi mbili halafu kila mwaka. Msiipuuze, maana ugonjwa huo unampata na binadamu.

Baba mkubwa Hamisi: Na kichaa cha mbwa? Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, nikiwaona wajukuu wanavyomvuta masikio.

Shangazi Zuhura: Kaka, hicho anachomwa akifikisha wiki 12, anarudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kila miaka mitatu kutegemea aina ya chanjo na sheria ya mahali. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa kila mwaka, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, hakuna dawa.

Shangazi Zuhura: Mtoto akiumwa na mbwa yeyote: oshani jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, mkiangalia saa, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Bibi: Na paka wangu je? Huyu hatoki, kutwa yuko kitandani kwangu.

Shangazi Zuhura: Shikamoo Mama. Hata asiyetoka anachanjwa. Paka nao wana parvo yao, na nimekwambia viatu vinaleta. Halafu mafua ya paka, yale ya macho kutoa tongo na vidonda vya ulimi. Chanjo ya mafua haizuii yote, ila akiugua haumwi sana. Na kichaa pia, paka anakipata.

Salma: Shangazi, sungura wangu ana miezi minne. Wanachanjwa kweli?

Shangazi Zuhura: Kweli kabisa mama. Kuna miksomatosisi, kope na uso vinavimba mpaka haoni, na inaletwa na mbu na viroboto. Kwa hiyo kukaa ndani peke yake hakumwokoi. Kuna na ule wa kutokwa damu ndani kwa ndani. Sungura analala mzima anaamka maiti. Ugonjwa huo una aina mbili, basi muulize daktari kama chanjo aliyonayo inakinga zote mbili. Hurudiwa kila mwaka.

Rehema: Nampeleka Simba Jumamosi. Niangalie nini pale?

Shangazi Zuhura: Mwambie daktari kwanza kama Simba ameharisha au hali chakula vizuri, mgonjwa hachanjwi. Kichupa kitoke kwenye friji. Kimoja kina ungaunga mweupe, kingine maji, vinachanganywa na kuchomwa papo hapo. Stika inabanduliwa kwenye kichupa inabandikwa kwenye kadi. Kisha kaeni hapo nusu saa. Kusinzia siku moja ni kawaida. Uso ukivimba, akitapika au akihema kwa shida, mrudishe mara moja.

Salma: Dada Rehema, nipitie. Sungura nitamweka kwenye boksi lake, mbali na Simba.

Mama mdogo Asha: Rehema, uliza kabisa tarehe ya dozi inayofuata uiandike humu. Nitakukumbusha mimi.