Mwandishi Alipe Kiingilio Ili Awe Kivutio? Malalamiko Yangu Kuhusu Makongamano ya Fantasia

Wanajukwaa, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuniambia kwamba sina shukrani, maana hilo nimeshaambiwa mara nyingi na watu ambao hawajawahi kubeba hata boksi moja la vitabu kutoka kituo cha treni hadi ukumbini. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza. Naandika riwaya za fantasia, yaani zile zenye majini, falme za kubuni na ramani za nchi zisizokuwepo, nazo hutolewa kwa Kiingereza na mchapishaji mdogo ambaye sitamtaja. Kwa miaka kadhaa sasa, muda ambao siandiki nimekuwa nikiumaliza katika makongamano ya mashabiki nikinadi vitabu. Lalamiko langu ni moja: katika makongamano haya mwandishi ndiye anayewafanya watu wanunue tiketi, na ni yeye huyohuyo anayelipia gharama za kuwavutia.

Kwa wasioujua utaratibu, nieleze kidogo. Kongamano la kawaida huanza Ijumaa na kumalizika Jumapili, au hushika sikukuu nzima ya Pasaka kama lile la kitaifa liitwalo Eastercon, na hufanyika hotelini au katika ukumbi wa maonyesho. Ratiba yake hujaa majopo, ambapo waandishi wanne au watano huketi mbele ya watu, mmoja wao akiongoza mazungumzo, wakajadili kwa takriban saa moja namna ya kubuni ulimwengu mpya, au kwa nini uchawi katika riwaya unahitaji kuwa na mipaka, au ni nani aliyeua riwaya fupi. Baada ya hapo kuna kusoma hadharani, kuna kusaini vitabu, kuna ukumbi wa wauzaji, na usiku kuna baa, ambako ndiko biashara halisi kati ya waandishi, mawakala na wahariri hufanyika. Watu hununua tiketi kwa sababu ya ratiba hiyo. Lakini yule aliyekaa mbele akizungumza amelipa ada ileile aliyolipa anayemsikiliza, hapewi ujira, harejeshewi nauli, na chumba chake cha hoteli ni juu yake. Wanaogharimiwa ni wageni wa heshima wachache ambao sura zao ziko kwenye tangazo. Hata Worldcon, kongamano la dunia, lina desturi hiyohiyo ya kumtaka mwanajopo awe amelipa uanachama wake. Nakiri kwamba mara nyingi Worldcon hurejesha ada hiyo baadaye endapo hesabu zikifungwa na kubaki ziada, lakini kwa maneno mengine mwandishi anakuwa amelikopesha kongamano fedha bila riba na bila ahadi ya kulipwa.

Najua desturi hii imetoka wapi, na sitaki mtu aje kunifundisha historia hapa chini. Mashabiki wa hadithi za sayansi walipokutana Leeds Januari 1937, na wale wa Marekani walipokusanyika New York Julai 1939 kwa Worldcon ya kwanza iliyohudhuriwa na watu wapatao 200, hapakuwa na mpaka mkubwa kati ya anayeandika na anayesoma. Wengi walikuwa vijana wanaofahamiana kwa barua, wakichangishana kodi ya ukumbi. Katika hali ile, kusema kwamba kila mtu alipe kwa kuwa kila mtu ni mwenyeji ilikuwa haki tupu. Ila leo mwandishi anafika pale kwa sababu mchapishaji amemwandikia barua pepe kwamba kitabu kinatoka mwezi ujao na inatarajiwa aonekane. Huyo amekuja kazini. Kumlipisha kiingilio kwa hoja kwamba ni desturi ya mwaka 1939 ni kujificha nyuma ya marehemu.

Tufanye hesabu, maana kila nikilalamika naambiwa kwamba nauza vitabu pale na kwa hiyo napata. Kitabu cha jalada jepesi huuzwa pauni 9.99. Mrabaha wa kawaida kwa jalada jepesi, yaani fungu la mwandishi katika bei ya kila nakala, ni asilimia 7.5, ambayo ni kama pensi 75 kwa nakala. Chukueni kongamano la wastani: ada pauni 80, treni 60, usiku mbili za hoteli 180, chakula 50, na meza katika ukumbi wa wauzaji 100. Jumla ni pauni 470. Kwa mrabaha peke yake ningehitaji kuuza zaidi ya nakala 600 ili tu nisipate hasara. Basi nikanunue vitabu vyangu mwenyewe kutoka kwa mchapishaji kwa nusu bei, ambavyo katika mikataba mingi havihesabiwi kwenye mrabaha, niviuze kwa mkono: hapo nitahitaji nakala kama 94. Mwandishi wa ngazi yangu akiuza 30 kwa wikendi nzima, wenzake humnunulia kinywaji. Halafu msisahau kwamba chama cha haki za waandishi cha hapa, ALCS, kilitoa utafiti mwaka 2022 ulioonyesha kuwa nusu ya watu ambao uandishi ndio kazi yao kuu walikuwa wakipata pauni 7,000 au chini ya hapo kwa mwaka, ilhali katika utafiti wa mwaka 2018 kiwango hicho kilikuwa pauni 10,497. Kwa hiyo ninaowasemea hapa ni watu ambao makongamano matatu yanaweza kuwamalizia kipato cha zaidi ya miezi miwili.

Hata hivyo hasira yangu haiwahusu kwa usawa waandaaji wote, na hapa naomba nieleweke. Makongamano mengi ya zamani huendeshwa na watu wa kujitolea ambao nao hulipa ada yao, hulala kwa muda wa saa nne tu, na huishia kubeba viti Jumapili jioni. Hao nagombana nao kama ndugu. Ninaowachukia hasa ni wale wa maonyesho makubwa ya kibiashara, yanayojaza kumbi kwa maelfu ya watu waliovaa mavazi ya wahusika wa sinema. Huko mwigizaji aliyecheza mlinzi wa lango katika vipindi viwili vya tamthilia huhakikishiwa kiasi cha fedha kabla hajapanda ndege, kisha mashabiki hupanga foleni kulipia sahihi yake, na wakitaka picha naye hulipia tena. Mwandishi huwekwa kwenye kona iliyo karibu na vyoo, kwenye meza aliyoikodi, na sahihi yake ni bure. Niliwahi kumuuliza mmoja wa waandaaji kwa nini waandishi hatupewi angalau meza bila malipo ilhali majina yetu yako kwenye bango la mlangoni. Alinijibu bila aibu yoyote kwamba waandishi ni wengi na wako tayari kulipa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na ndiyo maana liliniuma.

Mchapishaji naye asidhani amepona. Zamani, kwa maelezo ya waliotangulia, nyumba ya uchapishaji ilikuwa na mtu wa kutangaza vitabu ambaye alipanga safari, akalipia hoteli, akampokea mwandishi stesheni. Siku hizi, ukiacha majina machache makubwa, mtu huyo anashughulikia vitabu vingi mno kwa wakati mmoja, na msaada wake ni kukutumia picha ya jalada ili uiweke mwenyewe mtandaoni. Mkataba wangu una kifungu kinachonitaka nishirikiane kwa kiasi cha kuridhisha katika kukitangaza kitabu, lakini hauna kifungu hata kimoja kinachosema nani analipia ushirikiano huo. Nikiuliza, naambiwa bajeti imekwisha. Nisipokwenda, na kitabu kisipouza, naambiwa kwamba sikujituma, na kitabu cha pili kinapojadiliwa hilo linakumbukwa.

Sasa nifike kwenye majopo yenyewe, kwa maana ingekuwa angalau tunalipa ili tuzungumze mambo ya maana, ningevumilia kidogo. Mimi naandika vita vya baharini, mahakama za hao majini, na siasa za warithi wa kiti cha enzi. Je, huwa napangwa katika jopo la vita, la bahari au la siasa? Mara chache sana. Napangwa katika jopo la utofauti, Jumapili asubuhi, saa ambayo waliokesha baani hawajaamka, pamoja na kila mtu mwingine ambaye ngozi au asili yake imeonekana kwenye orodha, na tunaulizwa kwa pamoja kwamba inakuwaje kuwa sisi. Wanaulizwa wengine wamejenga vipi mifumo yao ya uchawi; mimi naulizwa kama bibi yangu alikuwa akinisimulia hadithi kando ya moto. (Bibi yangu alikuwa karani wa forodha na alipenda redio.) Katika jopo moja mwongozaji alinieleza popobawa ni nini, akanifafanulia na taharuki iliyotokea Zanzibar mwaka 1995 kama alivyoisoma kwenye intaneti, huku jina la kitabu changu, ambacho kisa chake kimetokana na taharuki hiyohiyo, likiwa limeandikwa kwenye kibao kilicho mbele yangu. Alikuwa hajakifungua. Hakuna aliyelipwa kukifungua, hilo nalielewa, lakini mimi nilikuwa nimelipa ili nikae pale.

Na mimi nina nafuu, kwa kuwa naishi huku. Mwandishi mwenzangu wa Dar es Salaam alialikwa rasmi kwenye kongamano la Uingereza mwaka 2024, kwa barua nzuri yenye nembo. Barua haikuwa na nauli. Ada ya viza ya matembezi ya Uingereza wakati ule ilikuwa pauni 115, nayo hairudishwi ukinyimwa, kama zilivyo zile za Ulaya na Marekani. Alipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, hati ya nyumba na mwaliko wenyewe. Akanyimwa, kwa maelezo kwamba ofisa hakuridhika kuwa angerudi nyumbani. Waandaaji walifanya nini? Waliacha jina lake kwenye ratiba mpaka siku yenyewe, wakamwahidi kwamba angezungumza kwa video, kisha ikabainika kwamba chumba walichompangia hakikuwa na intaneti ya kutosha. Jioni wakaandika kwenye mitandao kwamba wanathamini sana sauti kutoka Afrika. Fedha ya viza hakuna aliyemrejeshea, na hakuna hata aliyeuliza ni kiasi gani.

Kuna wenzangu wanaoniambia kwamba mambo yanabadilika. Labda, lakini tazameni yanakobadilikia. Kabla ya Worldcon ya Seattle ya 2025, waandaaji walikiri kwamba majina ya watu walioomba kuwa wanajopo yalipitishwa kwenye ChatGPT ili kuona kama wana kashfa yoyote. Fikirieni: mtu anayeishi kwa kuandika, anayejitolea kuzungumza bure na kulipa ada juu yake, hapewi hata heshima ya kutafutwa habari zake na binadamu, bali anakabidhiwa kwa programu ambayo waandishi wengi wanailalamikia kwamba ilifundishwa kwa vitabu vyao bila idhini. Mwenyekiti aliomba radhi, baadhi ya wasimamizi wakajiuzulu, na mwandishi Yoon Ha Lee akakiondoa kitabu chake kwenye kinyang'anyiro cha Lodestar, tuzo ya vitabu vya vijana inayotolewa Worldcon. Nilimheshimu sana kwa hatua hiyo, kwani ilimgharimu.

Hoja ninayoisikia kuliko zote ni kwamba tunapata kujulikana. Mwandishi wa fantasia Philip Pullman aliikataa hoja hiyo Januari 2016 alipojiuzulu ulezi wa tamasha la fasihi la Oxford kwa sababu halikuwa likiwalipa waandishi wanaozungumza, akisema hadharani kwamba kila anayefanya kazi pale hulipwa isipokuwa wale ambao bila wao tamasha lisingekuwepo. Matamasha ya fasihi yalifedheheka, na kwa baadhi yake aibu hiyo ilizaa malipo. Makongamano ya fantasia yalipita pembeni ya mjadala ule kwa kudai kwamba sisi ni familia. Mimi familia yangu ikinialika harusini hainiuzii kiti.

Ninachodai si kikubwa. Mwanajopo asilipishwe kiingilio, basi. Hilo halihitaji mfadhili, linahitaji tu kupandisha kidogo tiketi za wengine. Maonyesho ya kibiashara yampe mwandishi aliyetangazwa kwenye bango meza bila kodi. Mwaliko wowote unaokwenda kwa mtu anayehitaji viza useme katika aya ya kwanza nani analipa ada hiyo na nini kitatokea akinyimwa, na barua itoke miezi mingi kabla, siyo wiki sita. Mchapishaji anayeandika kifungu cha ushirikiano aandike na kiasi cha fedha mbele yake, hata kikiwa pauni 200 kwa mwaka, ili tujue tunajadili nini.

Waandishi mlioko humu, wa Nairobi, Dar, Muscat, Toronto na kwingineko, wekeni hapa chini masharti mliyopewa mlipoalikwa: nani alilipa nauli, nani alilipa chumba, meza ilikuwa bei gani, na kama mlipewa chochote kwa maandishi. Msitaje majina kama mnahofia mialiko ijayo. Tajeni nchi na mwaka, inatosha. Na wale mnaotaka kunijibu kwamba nikae nyumbani kama sipendi, tafadhali elezeni kwanza ni kongamano lipi mliloandaa bila mwandishi hata mmoja, na mliuza tiketi ngapi.