Nilimvuna mtoto wa kwanza kwenye gemu ya BioShock na roho haitulii, nianze upya au niendelee?

Mjomba_wa_Masese:
Wadau habari za jioni, poleni na kazi. Naombeni ushauri, hili jambo limenikaa kichwani siku ya tatu sasa. Niko Jinja huku Masese, rafiki aliniwekea BioShock kwenye laptopu, ile Remastered, toleo lililoboreshwa la 2016. Kwa wasioijua ni gemu ya bunduki lakini ina hadithi nzito, mwaka ni 1960, ndege yako inaangukia Atlantiki, unaogelea mpaka kwenye mnara wa taa, ndani kuna chombo kinakushusha chini kabisa na huko unakuta mji mzima unaitwa Rapture, tajiri Andrew Ryan aliujenga ili watu wenye vipaji waishi bila serikali wala dini kuwaingilia. Ukifika wewe mji umeshaoza, maji yanavuja kila ukuta na wakazi wamerukwa akili kwa sababu ya ADAM, kitu wanachojidunga kubadilisha miili yao.

Sasa wanaoikusanya hiyo ADAM ni watoto wa kike, Little Sister, wanatembea na sindano kubwa wakiifyonza kutoka kwa maiti. Pale Medical Pavilion, eneo la hospitali la huo mji, nikamkuta wa kwanza. Atlas, yule anayeniongoza kwa redio tangu mwanzo, ananiambia huyo si mtoto tena, mvune, yaani muue uchukue ADAM yake yote. Dk. Tenenbaum, mwanasayansi aliyewaunda watoto hao, naye amesimama juu kule ananisihi nimhurumie. Nikamsikiliza Atlas kwa sababu ndiye aliyenifikisha pale nikiwa hai. Banange, yule mtoto alirudi nyuma anatikisa kichwa, skrini ikafunikwa, nikajikuta nimeshika mdudu wa baharini mkononi na mtoto hayupo. Sisi tunaishi muzigo, chumba kimoja tu, mtoto wa dada yangu ana miaka sita alikuwa amelala nyuma ya pazia, akaamka akaniuliza "Mjomba, nani analia?" Nikamwambia lala, ni sinema.

Nimefika eneo linalofuata, Neptune's Bounty, ila mikono haitaki. Nianze upya? Na nikiwaokoa nguvu nitaitoa wapi wakati ADAM ni nusu?

Fundi_Kisenyi:
Kabla hujaanza upya fungua orodha ya sevu, hiyo gemu hujisevu yenyewe ukiingia eneo jipya, huenda iko moja ya kabla.

Mjomba_wa_Masese:
Nimeangalia ndugu, ya otomatiki imeandikwa juu nilipoingia Neptune's Bounty na yangu ya mkono nilikuwa nasevu palepale kila siku.

Fundi_Kisenyi:
Pole sana. Kuanzia leo sevu kwa nafasi mpya kila mara, hiyo Remastered huwa inajifunga ghafla na hapo bado hujahesabu umeme ukikatika. Laptopu ikikusumbua tafuta ile ya zamani ya 2007, inataka ramu GB 1 na diski GB 8 tu, Remastered inataka ramu GB 4 na diski GB 25, bando la kuishusha peke yake ni kilio.

Kamanda_Bombo:
Mimi nasema endelea tu kaka. Mmoja hajakuharibia mwisho mzuri, kinachouharibu ni kuvuna zaidi ya hapo, na kwenye gemu nzima wako 21. Kuhusu nguvu usiogope hata kidogo, hesabu iko hivi, ukimvuna unapata ADAM 160, ukimwokoa 80, lakini ukiokoa watatu Tenenbaum anakuachia zawadi yenye ADAM 200 ndani. Kwa hiyo watatu wa kuvuna ni 480, watatu wa kuokoa ni 440, na zile zawadi zina vitu ambavyo mvunaji hatavipata kamwe, kama ile plasmidi, nguvu ya kujidunga, ya kumfanya Big Daddy, lile jitu la suti ya kuzamia linalowalinda hao watoto, awe mlinzi wako. Sasa 40 ndiyo ya kukutoa usingizi?

Mama_Shadia:
Kamanda umejibu hesabu, yeye ameuliza roho. Mjomba, anza upya. Umecheza jioni mbili tatu tu, haijawa hasara, kuliko uende nayo mpaka mwisho ukiwa unamkumbuka yule mmoja. Mimi nilimwokoa wa kwanza na bado nakumbuka yale macho ya njano yakizimika yakabaki ya mtoto wa kawaida, akaniinamia kidogo kwa heshima halafu akapanda akaingia kwenye tundu lake ukutani. Na tafadhali vaa hedifoni, hiyo si gemu ya kusikika na mtoto wa miaka sita, bambi.

Kamanda_Bombo:
Kale, kwa hilo la mtoto nakubali.

Mjomba_wa_Masese:
Nimerudi wadau, asanteni sana. Nilianza upya Ijumaa, nimenunua hedifoni mjini, na jana usiku wote wakiwa wamelala nikafika pale tena. Atlas akasema yaleyale, safari hii nikabonyeza kumwokoa. Mama Shadia ni kama ulivyosema, yale macho. Nilivua hedifoni nikachungulia nyuma ya pazia, huyu wetu amelala amekumbatia mto, nikarudi nikasevu nafasi mpya.

Sasa niko Neptune's Bounty, kuna Big Daddy mwenye drili anazunguka na mtoto na mimi nina risasi chache mno. Naanzia wapi?

Fundi_Kisenyi:
Usimguse kwanza. Hakushambulii mpaka umpige au umkaribie sana mtoto, kwa hiyo zunguka okota risasi za kutoboa chuma, dukua zile bunduki zinazojifyatulia zenyewe ziwe zako, halafu mvutie huko. Akikukimbilia mpige Electro Bolt, ile plasmidi ya umeme, asimame, mmiminie, rudi nyuma. Ukifa ile mashine ya Vita-Chamber inakufufua na yeye majeraha yake anabaki nayo, unarudi kummalizia.

Mama_Shadia:
Na akianguka mtoto atakaa pembeni yake analia. Usisitesite hapo, mwendee umwokoe haraka.

Mjomba_wa_Masese:
Sawa. Usiku huu najaribu, Yaka, umeme wa kulipia kabla, iko ya kutosha.