Kukwaruza SHAVU la kinyago cha mpingo kwa ufunguo wa gari! Huyu mtu ana nini?

TezoKali:
Wakuu, hapa vidole vinatetemeka kwa hasira. Yule bosi wa vinyago, sina haja ya kumtaja, nyote mnamjua, leo mchana mbele ya wateja katoa ufunguo wa gari akakwaruza kinyago cha mpingo. Shavuni! Halafu akatangaza kwa sauti ya mnada: "Mnaona? Ndani si cheusi. Feki hii."

Ufunguo wa gari. Kwenye shavu lililokwisha kupigwa nta.

Mpingo wowote ukiukwaruza unaacha mstari wa kijivu au wa hudhurungi, maana unga wake ni mwepesi wa rangi kuliko mbao iliyosuguliwa. Paka mate, mstari unarudi kuwa mweusi. Hata mbuzi wa Newala anajua! Alitaka kupima? Apindue kitako akwaruze pale. Mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu utajiumbua hapohapo, na harufu yake inasikika mpaka Kibaha. Au achukue kipande akitumbukize kwenye ndoo ya maji: mpingo unazama, mti laini unaelea.

Lakini yeye? SHAVU. Tezo, patasi, tupa, msasa juu ya msasa, kazi ya wiki nzima, mtu anaiharibu kwa sekunde mbili na mbele ya wateja anamwita mchongaji tapeli!

Mmawia_Halisi:
Pole mkuu. Huyo ndiye aliyewaambia wazungu kuwa ebony, yaani mpingo, "inakua haraka". Mti unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa!

FundiMsasa:
Mleta uzi, umeandika "shavu" mpaka shavu langu linaniwasha. Kanywe maji. Msasa namba 240 kufuata nyuzi, kisha 400, kisha 600, nta ya nyuki kidogo, kitambaa cha pamba. Nusu saa kimekwisha.

TezoKali:
Nusu saa?? Ufunguo umepita juu ya CHALE! Zile chale kina chake hakifiki milimita mbili. Ukipitisha 240 hapo unabaki na uso wa yai. Inabidi uzichimbe upya zote, upande wa pili pia, la sivyo mashavu hayalingani.

DadaWaVinyago:
Afadhali ufunguo, kaka. Wapo wanaoagiza mapiko, barakoa za ngoma za Wamakonde, ya mpingo! Lipiko linavaliwa kichwa kizima, mchezaji anaona kupitia mdomoni. Linachongwa kwa mti mwepesi, kuta zinakwanguliwa mpaka ziwe nyembamba, nywele za binadamu zinagandishwa kwa nta, na chale nazo ni nta. La mpingo lingemvunja mtu shingo kabla ngoma haijakolea.

Mmawia_Halisi:
Na wanaobandika kibandiko cha "ujamaa" kwenye kila kitu je? Mtindo wa ujamaa ni watu waliopandana kwenye gogo moja. Mtindo wa shetani aliuanza mchongaji Samaki mwaka 1959, viungo vimepindapinda, jicho moja, mdomo ubavuni. Huo ujamaa uko wapi?

FundiMsasa:
Ugonjwa wenyewe ni nyufa. Gogo linakatwa leo, kesho liko chini ya tezo. Ncha zinakauka upesi kuliko ndani, ufa unaanzia kwenye kiini. Siku ileile ya kukata, ziba ncha zote mbili kwa nta au rangi nzito, weka kivulini pasipo na upepo. Watu hawafanyi. Wanajaza ufa supagluu na unga wa mpingo, wanapiga msasa, wanauza. Kinyago kikifika Ulaya, hita za majira ya baridi zinakausha hewa ya nyumba, ufa unafunguka upya na mstari wa gluu unang'aa katikati ya kifua.

TezoKali:
Sawa, lakini turudi kwenye shavu...

KitakoCheusi:
Samahani kuingilia. Nani ana gogo la kipenyo cha sentimita 30, lisilo na uwazi katikati?

FundiMsasa:
Mkuu, 30 bila uwazi ni kazi kulipata, na bado utatoa ganda jeupe. Tafuta la msitu wa kijiji huko Kilwa, lenye kibali. Haya yanayouzwa usiku kando ya barabara utanyang'anywa kizuizini pamoja na pikipiki.

KitakoCheusi:
Bei?

DadaWaVinyago:
Njoo inbox, ila ncha zimeshazibwa, usije ukaanza kuzikwangua.