Naomba ushauri: mdogo wangu anaishi jirani na kituo cha nyuklia

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Moshi. Mdogo wangu ameolewa Afrika Kusini, wanakaa Melkbosstrand, kilomita chache tu kutoka Koeberg, kile kituo cha pwani chenye vinu viwili vinavyotumia maji ya bahari kupoza mitambo. Kinazalisha umeme tangu miaka ya 1980. Ana mtoto wa miaka miwili.

Juzi alipiga simu wakati ving'ora vinajaribiwa. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliposikia ule mlio, ungo ukamtoka mkononi. Tangu siku hiyo anasema binti arudi nyumbani. Nimemweleza ni majaribio, na kwamba mpango wa dharura upo hadi kilomita 16, hasikii. Anataja Fukushima tu, ile ajali ya kituo cha nyuklia cha Japani, na kwa kweli hata mimi usingizi umepungua.

Wenye ujuzi wa afya au mionzi, nisaidieni: vidonge vya iodini, vile vya kukinga tezi ya shingo dhidi ya iodini yenye mionzi, kwa mtoto mdogo hivyo hutolewa wakati gani hasa? Na king'ora cha kweli kikilia, wajifungie ndani kwanza au waondoke? Nataka nimpe mama jibu la uhakika Jumapili akitoka kanisani.