Mrejesho: mashine ya kusimba video kwa bajeti ndogo

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza ipi ingeifaa studio yetu ya Chake Chake, inayorikodi harusi na mihadhara, kwa kazi ya kusimba video (yaani kuzibana ziwe faili dogo): seva iliyokwishatumika yenye prosesa mbili za Xeon E5-2670, au kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core i5-8500. Nimechukua ya pili, na sababu kubwa ni umeme.

Kila Xeon ya aina hiyo imepangiwa wati 115, kwa hiyo jozi hufika 230 kabla hujahesabu feni na diski, ilhali i5-8500 imepangiwa wati 65 na ndani yake imo Quick Sync, sehemu maalumu inayosimba H.264 na HEVC (miundo miwili ya kubana video) bila kuzielemea kori zake sita. Xeon zile hazina sehemu hiyo. (Anayetafuta Core mpya zaidi aepuke zenye herufi F mwishoni, maana hazina kadi ya picha ya ndani, na Quick Sync hukosekana.)

Hata hivyo, faili linapotakiwa kuwa dogo, x264, programu inayosimba H.264 kwa prosesa yenyewe, katika mpangilio wa polepole bado hutoa picha safi zaidi, hasa penye nguo za kumetameta na taa za ukumbini. Kwa hiyo nakala ya mwenye harusi naisimba kwa prosesa usiku kucha, na zile za kutumwa kwenye simu hupita Quick Sync. AV1, muundo mpya zaidi wa kubana video, nimeiacha, kwa kuwa kuisimba kwa haraka kungenilazimu kununua kadi ya picha kama Arc A380. Fedha iliyobaki nimenunulia UPS na diski ya akiba.