Walikubali niwarekodi kambini Goma, sasa mji umebadilika mikono. Niuze hizi video?

Mwana wa Lava (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mpiga picha wa Goma, kwa sasa niko Nairobi. Naomba ushauri wa waliowahi kushika kamera penye vita, wanasheria kama wapo, na hasa waliowahi kuwa mbele ya kamera badala ya nyuma yake.

Mwaka 2023 na 2024 nilikuwa nazunguka kambi za wakimbizi wa ndani pembeni ya mji: Bulengo, Lushagala, Mugunga, Kanyaruchinya. Sikutumwa na mtu. Nilirekodi maisha tu, akina mama kwenye foleni ya maji, vijana na chukudu zao (zile baiskeli za mbao za kusukuma) zimejaa kuni, watoto wanacheza juu ya yale mawe meusi ya volkano. Baada ya mabomu kuanguka Mugunga tarehe 3 Mei 2024, watu wenyewe wakaanza kunitafuta waseme. Wakasimulia wametoka kijiji gani, nani alichoma, nani aliua. Wengine walitaja makamanda kwa majina. Kila mmoja nilimuuliza kama anakubali, na jibu lake limo kwenye rekodi, uso na sauti.

Januari 2025 waasi wa M23 wakauchukua mji. Februari watu wa kambi wakapewa saa 72 waondoke. Mahema yakang'olewa, wengi wakarudi Masisi na Rutshuru, yaani chini ya walewale ambao baadhi yao waliwataja mbele ya kamera yangu. Wapo pia waliowataja Wazalendo, wale wanamgambo wanaopigana upande wa serikali, na askari wa serikali wenyewe, na hao nao bado wana bunduki.

Sasa kuna kampuni ya filamu ya Ulaya inataka kununua diski nzima. Pesa ni nzuri, sitawaficha, na kodi ya Nairobi mnaijua. Wao wanasema ruhusa ipo, mtu amekubali kwenye video, yameisha. Mimi roho inasita. Waliponikubalia walikuwa upande ule wa mstari wa vita, leo wako upande huu. Ruhusa ile bado ni ruhusa? Nikiziba nyuso inatosha?

Fundi Mwanga

Mkuu pole kwa yaliyokupata. Nianze na nyuso: haitoshi. Jirani hakutambui kwa uso peke yake. Anakutambua kwa sauti, kwa kitenge chako, kwa kovu la mkononi, kwa mtoto uliyempakata. Nimewahi kuhariri mahojiano ya namna hiyo, tukaziba uso vizuri kabisa, halafu mwenzangu akaangalia mara moja tu akasema "huyu si yule mama wa genge?" Alimjua kwa anavyocheka.

Ukungu mwepesi usiutumie, ziba kwa rangi tupu. Sauti usiivute iwe nzito au nyembamba, kwa sababu mtu mwenye ujuzi anaweza kuirudisha. Mpe msomaji mwingine ayaseme maneno yale. Tena angalia maneno yenyewe. Mtu akieleza kwamba mume wake alikuwa mwalimu wa shule fulani na nyumba yao ilipakana na zahanati, hata ukionyesha ukuta mtupu dakika nzima, kijiji kishamjua.

Kingine, faili zako zimebeba tarehe, saa, pengine na mahali. Kwenye nakala unazotoa, futa hayo. Kwenye faili za asili usiguse chochote.

Msumari 77

Mimi nitapingana na nyie. Huu uoga wa kuziba kila kitu ndio unaofanya vita ya Kongo iwe vita isiyo na watu. Mohamed Amin, Mkenya aliyeanzia kazi hapa Dar, aliingia Korem, Ethiopia, wakati wa njaa kuu, Oktoba 1984 na Michael Buerk wa BBC. Picha zilipoonyeshwa, dunia ikainuka, misaada ikamiminika, mwaka uliofuata likaja tamasha la muziki la Live Aid la kuchangia wenye njaa. Angeziba nyuso za wale watoto, nani angetikisika? Mtu amekubali mwenyewe kuonekana, amesema jina lake, wewe nani umnyamazishe? Huko nako ni kumdharau. Mtu mzima ni mtu mzima.

Fundi Mwanga

Msumari, hoja yako ina uzito lakini umechanganya mambo mawili. Watu wa Korem walirekodiwa wakiwa na njaa. Hakuna aliyesimama mbele ya kamera akamtaja kamanda ambaye kesho atakuwa mkuu wa eneo lake. Foleni ya maji Bulengo, onyesha nyuso zote, mimi sina neno. Ushahidi dhidi ya mtu mwenye bunduki ni jambo jingine kabisa. Na siku zile mtu wa Korem aangalie BBC kwa kutumia nini? Leo kipande cha filamu kikitoka asubuhi, mchana kiko WhatsApp hapo Sake, jirani na Goma.

Mama Kibati

Jambo kwenu. Naandika kwa sababu mwenye uzi ameuliza watu wa mbele ya kamera. Mimi nilipigwa picha kambi ya Kibati, mwaka 2008, wakati wa vita ya CNDP, wale waasi wa Nkunda. Niko na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Mzungu aliomba kwa ishara, mimi nikaitikia kwa kichwa. Ile ndiyo ruhusa yangu yote! Miaka imepita, binamu yangu wa Ubelgiji akaiona kwenye kalenda ya shirika, akanitumia. Chini imeandikwa kwa Kifaransa, mwanamke anayekimbia vita. Basi. Mimi nilikuwa nauza maharage soko la Virunga, wateja wananijua, niko na jina. Picha yenyewe ni nzuri, sina shida nayo. Kilichoniuma ni kwamba hakuna mtu aliyerudi kuniuliza kitu, wala hata kunipa moja niweke nyumbani. Ya mtoto wangu akiwa mdogo ni ile tu.

Kwa hiyo ndugu, rudi kwa watu. Usiamue peke yako ukiwa Nairobi kwamba uwafiche, na usiamue peke yako kwamba uwaonyeshe. Namba za simu za kambini zinapotea, lakini watu wa Masisi wanajuana. Pitia kwa mtu wa familia, usipitie kwa chifu. Ukimpata usianze kutaja filamu kwenye simu, uliza kwanza kama yuko peke yake na kama simu ni yake.

Msumari 77

Mama, heshima kwako. Kuhusu kurudi kuuliza nakubali.

Wakili wa Bandarini

Nitajibu yanayonihusu.

Ruhusa ya kurekodiwa si ruhusa ya kuuzwa kwa mtu wa tatu, na hata ingekuwa hivyo kisheria, mtu aliyekubali mbele yako hakumkubali mhariri ambaye hajawahi kumwona. Usiuze diski. Toa leseni ya vipande unavyovitaja kimoja kimoja, kwa filamu hiyo moja, na mkataba useme wazi kwamba mhusika akibadili mawazo kabla filamu haijatoka, kipande chake kinaondolewa. Wakikataa kifungu hicho, ujue wanachokinunua ni kutokusumbuliwa.

La pili ni kubwa kuliko filamu. Hiyo diski inaweza kuwa ushahidi. Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, alipohukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuwatumia watoto vitani, mojawapo ya vitu vilivyombana ni video ya Februari 2003 akiwa kambi ya mafunzo ya Rwampara, Ituri, akihutubia askari ambao wengine ni watoto wa kuonekana kwa macho. Na Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwafunga maisha makamanda wawili wa FDLR, kundi la waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, kwa mauaji ya Kalehe, na miongoni mwa ushahidi zilikuwamo picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayofungia saa na mahali ndani ya picha ili isibishaniwe. Video ikishakatwakatwa, ikawekwa muziki, wakili wa upande wa pili ataisambaratisha asubuhi moja. Kwa hiyo tengeneza nakala mbili za asili, zifungwe kwa nywila, zikae nchi tofauti. Andika pembeni nani alikuwepo, siku gani, mahali gani, lugha gani. Hilo daftari lisikae pamoja na diski.

Kama kuna waliosimulia kubakwa, wale waondoe kabisa kwenye mazungumzo ya filamu. Kanuni za Murad za mwaka 2022, zilizopewa jina la Nadia Murad, manusura wa Iraq aliyeshiriki Nobeli na Daktari Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, zipo hasa kwa ajili ya hili: mwathirika ana haki ya kusema hapana, na kuisema hata baada ya kusema ndiyo.

Mzee wa Kilindini

Wote mmewasahau vijana wa kazi. Nani alikupeleka ndani ya hema? Nani alitafsiri Kinyarwanda au Kihunde? Mogadishu tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba, waandishi walikwenda kurekodi na umati wenye hasira ukawaua wanne. Wawili walikuwa Wakenya, Hos Maina na Anthony Macharia. Tunawakumbuka kwa sababu walikuwa na vitambulisho vya shirika kubwa. Kijana wa kambi aliyekushika mkono hana shirika. Wazungu wanapenda kuweka shukrani mwisho wa filamu, majina yanapanda taratibu, na kwa mtu aliyebaki Rutshuru jina lile ni hati ya kukamatwa. Mlipe, na jina lake likae mfukoni mwako.

Na kama unatafuta mfano wa filamu iliyofanywa kwa heshima, mtazame Dieudo Hamadi, mtengeneza filamu Mkongo. Aliwafuata waathirika wa vita ya siku sita ya Kisangani, ile ya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda, wakisafiri kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia yao. Uso wazi, kwa sababu madai ni yao na safari ni yao. Hapo Msumari ana haki yake.

Mwana wa Lava (mleta uzi)

Aksanti sana wote. Nimeanza na Mama Kibati. Kupitia shangazi nimewapata baadhi. Mmoja amekataa kabisa, nimeshamtoa. Mmoja amesema yeye aonyeshwe na jina lake kamili, hana cha kupoteza. Lakini watoto wake wako naye kijijini, na nilipomuuliza kuhusu hao alikaa kimya, akasema nipige tena. Kijana aliyekuwa akinitafsiria yuko Kampala, nimefurahi, naye anataka jina lake litoke!

Nimewaandikia kampuni kuhusu leseni ya vipande na kifungu cha kujiondoa. Wamejibu kwamba vipande bila ushahidi bei inashuka zaidi ya nusu, na kifungu hicho "kinaleta ugumu kwa wafadhili".

Wakili wa Bandarini

Chukua nusu. Wape foleni za maji, chukudu, mawe, mabomu ya Mugunga kwa mbali. Mahojiano yabaki kwako mpaka umpate kila mmoja. Huyo mwenye watoto usimsukume, mpigie kama alivyosema. Halafu futa majina yote kwenye rasimu ya mkataba uiweke hapa, niisome kabla hujatia saini.