Naomba ushauri: nataka kuachana na televisheni ya kulipia

Habari zenu wakuu. Nataka kusitisha kifurushi cha king'amuzi mwezi huu ukiisha. Chaneli ni lundo, tunazotazama ni chache, na jioni zetu zote zinaishia kwenye kochi. Watoto hata hadithi hawaombi tena. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Kinachonitatiza ni mpira. Antena ya kawaida inanasa chaneli za bure, lakini mechi kubwa mara nyingi hazimo. Nikihamia intaneti, video ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo bila bando lisilo na kikomo huenda nikalipa zaidi ya sasa.

Mliokwisha kuacha, mechi mnatazamaje? Na mwenzi asiyetaka kuziacha tamthilia zake mlikubaliana naye vipi?